SOMO: Vyura wakianza kufa porini, siku ya kwanza ufanye nini na usiguse nini

Habari zenu wakuu. Najua wengine mtasema chura naye ana umuhimu gani, ila naomba mnisome, hasa nyie mnaokaa karibu na misitu ya milimani, Udzungwa, Uluguru, Usambara, na wadau mnaotembeza wageni kwenye maporomoko. Nimefanya kibarua cha kubeba vifaa vya watafiti wa vyura miaka kadhaa, kuhesabu usiku kwa tochi mpaka alfajiri, kwaiyo mengi ya hapa nimeyashika kwa mikono na ya kitaalamu nimefundishwa na wao.

Ugonjwa wenyewe ni fangasi wa ngozi, anaitwa kitridi. Anakaa kwenye maji na unyevu, mbegu zake zina mkia na zinaogelea zenyewe mpaka zimpate chura. Sasa ngozi ya chura sio kama yetu, yeye maji hanywi kwa mdomo, anayavuta kwa ngozi, na chumvi za mwili zinapita humo humo, ngozi ikiharibika sodiamu na potasiamu zinashuka kwenye damu hadi moyo unasimama. Ndo maana unamkuta amekufa hana hata jeraha. Alipewa jina 1999 lakini alikuwa ameshaua sana Australia na Amerika ya Kati kabla ya hapo, na utafiti wa 2019 ulihesabu spishi 501 zilizopungua kwa ajili yake, 90 kati ya hizo inaaminika hazipo tena.

Na sisi yametukuta. Chura wa Kihansi, yule mdogo wa rangi ya njano ambaye hata sentimita 3 hafiki na anazaa watoto badala ya kutaga, alikuwa anaishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya Kihansi tu, eneo kama la hekta 2, dunia nzima hana kwingine. Bwawa la umeme likachukua maji, manyunyu yakakata, wakaweka mabomba ya kunyunyizia na vyura wakaongezeka tena, katikati ya 2003 walikadiriwa kama 20,000. Mwanzoni mwa 2004 wakaonekana wa kuhesabu kwa vidole. Waliokufa walikutwa na kitridi. Wataalamu wanabishana kama ni fangasi peke yake au na sumu za mashambani zilizokuja na tope la bwawa, mi naona mnyama aliyeshachoka ndo anayeangushwa na ugonjwa. 2009 akatangazwa ametoweka porini. Kilichotuokoa ni wale 499 waliopelekwa Marekani mwaka 2000 kabla mambo hayajaharibika, wakazaliana kwenye zoo, 2010 mia moja wakarudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuanzia 2012 wakaanza kurudishwa bondeni.

Haya, tuingie kwenye kazi.

HATUA YA 1: Jua kama kweli ni ugonjwa. Chura mmoja aliyekufa njiani sio mlipuko. Shtuka ukikuta kadhaa sehemu moja wiki moja, tena wakubwa, sio viluwiluwi. Mgonjwa utamkuta amekaa peupe mchana wakati wenzie wamejificha, miguu ya nyuma ameitandaza kama amechoka kuikunja, ngozi inabanduka nyembamba kama karatasi ya kitunguu. Tulikuwa tunamgeuza chali taratibu. Mzima anajipindua hapo hapo, hata hujatoa kidole. Mgonjwa anabaki hivyo hivyo tumbo juu anapepesa macho, na ukishamuona mmoja humsahau.

HATUA YA 2: Usiwakusanye. Huruma inatuponza hapa, mtu anaokota vyura kumi anaweka ndoo moja awapeleke kijito cha pili "kwenye maji mazuri". Hapo umewaambukiza wote ndani ya ndoo na umepeleka ugonjwa kijito cha pili.

HATUA YA 3: Andika na upige simu. Tarehe, mahali, wangapi wamekufa, wangapi hai, maji ya baridi au ya moto, picha ya mgongo na ya tumbo. Peleka kwa ofisi ya hifadhi au wanyamapori ya wilaya, au kwa mtafiti wa chuo unayemjua. Kushika na kuchukua sampuli kunataka kibali, Tanzania ni TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), usijichukulie tu.

HATUA YA 4: Sampuli, kwa wenye kibali. Kila chura glavu mpya, KILA chura, narudia maana nimeona watu wanabana matumizi. Kijiti cha pamba safi unakipitisha tumboni, mapajani, na kwenye utando wa vidole vya nyuma, mara tano tano kila sehemu huku unakizungusha, unafunga kwenye kichupa, unaandika namba. Maabara wanatafuta vinasaba vya fangasi. Aliyekufa muda mfupi anawekwa kwenye spiriti ya asilimia 70, akishaoza hana faida.

HATUA YA 5: Viatu. Hii ndo hatua yenyewe, kama huna muda soma hii tu. Bonde likishaambukizwa hakuna anayeweza kuliosha lote, ila bonde la pili unaweza kulikinga kwa brashi na jiki. Toa tope LOTE kwanza, chokonoa na kijiti zile nafasi za soli ya gambuti, dawa haipenyi tope, mtu anachovya buti lenye udongo anaona kamaliza. Likishakuwa safi, jiki ya dukani kikombe kimoja kwa maji vikombe viwili, dakika moja na zaidi, nyavu na fimbo pia. Suuza kwa maji ya kwenye dumu, mbali na mto, na maji hayo usiyamwage mtoni maana jiki inaua vyura haraka kuliko fangasi. Huna jiki? Anika juani mpaka ikauke kabisa, ikishakauka iache tena masaa matatu, kitridi havumilii ukavu.

Kuna kundi nililipeleka mwaka fulani, wametoka bonde jingine asubuhi hiyo hiyo, buti zina tope bichi, nikaomba tuoshe nikaambiwa tunachelewa. Nikanyamaza kwa sababu nilikuwa kibarua. Mpaka leo inaniuma.

HATUA YA 6: Matibabu, ya wataalamu. Chura anaogeshwa dawa ya itrakonazo dakika chache kila siku kwa siku kama 11. Anapona, lakini ukimrudisha maji yale yale anaugua tena. Kule kisiwa cha Mallorca, Hispania, waliwatoa viluwiluwi, wakawatibu, wakakausha mabwawa, ugonjwa ukarudi. Ikabidi warudie na mara hii miamba yenyewe ipigwe dawa ndo ukaisha. Na vile ni vibwawa vya kwenye mawe, sio mto wetu.

MASWALI YA WADAU

Mama Zawadi: Inaambukiza watu? Watoto wangu wanacheza na vyura.
Jibu: Hapana mama, huyu fangasi anapenda baridi ya nyuzi 17 hadi 25, mwili wa mtu au kuku ni wa moto sana kwake. Wanawe mikono tu, kwa ajili yao na kwa ajili ya vyura.

Mkulima wa Ifakara: Kwangu kwenye mpunga viluwiluwi wanakufa kibao sa hivi, ndo huu?
Jibu: Sidhani kaka. Kiluwiluwi anashikwa mdomoni tu, kwa kawaida hafi mpaka awe chura, na maji ya jaruba juani yanachemka. Hebu angalia kwanza nani kapiga dawa ya wadudu au ya magugu siku hizo.

Dogo Bio: Nimesoma Australia wanawajengea vyura nyumba za joto kwa matofali, tufanye huku?
Jibu: Ni kweli, matofali ya matundu ndani ya kibanda kidogo kinachoshika joto la jua, chura anaingia mwenyewe anajipasha, anapona na akiambukizwa tena anakuwa sugu zaidi. Lakini wale ni vyura wanaopenda joto. Wa manyunyu kama wa Kihansi ukimpasha hivyo umemuua.

Mtembeza Wageni: Mi nina gambuti moja na vijito viwili kwa siku, jua lenyewe la kuanikia hakuna huku juu.
Jibu: Anza na kijito ambacho hakijawahi kuonekana vyura waliokufa, chenye mashaka kiwe cha mwisho, sio kinyume. Brashi na chupa ya jiki viwekwe kwenye begi la chakula usivisahau, na wageni waoshe na wewe, waambie sababu, wengi wanakubali vizuri tu.