Soseji ya nyumbani kwa watu wa presha: chumvi nusu kijiko tu, ladha iko pale pale

Ukiwa na mtu wa presha nyumbani unajua vile mambo huwa, daktari amesema punguza chumvi, mzee anasusia mchuzi, na kitu cha kwanza kuondolewa mezani asubuhi ni soseji. Na zile za kawaida ni haki ziondolewe, manake soseji hutiwa chumvi gramu 15 mpaka 20 kwa kila kilo ya nyama. Ukipiga hesabu, soseji moja ya gramu 70 inakupa kama miligramu 500 za sodiamu (ile sehemu ya chumvi inayopandisha presha), na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima abaki chini ya miligramu 2,000 kwa siku nzima, yaani chini ya gramu 5 za chumvi, kijiko cha chai hakijai. Kula mbili asubuhi na nusu ya siku ishakwisha, na hapo hujagusa mbaazi wala samaki.

Ya kutengeneza mwenyewe unaweza kuitia nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa kilo nzima (gramu 3 hivi) na ikaliwa kwa raha kabisa. Sisi watu wa pwani ladha tunayo kwenye mikebe ya viungo, wala si hapo penye shida. Shida ni kushikana. Chumvi kwa soseji inafanya kazi tatu, inatia ladha, inaivuta ile protini ya nyama itoke ishikane, na inachelewesha kuharibika. Ukiipunguza ukaacha hivyo hivyo utapata kitu kikavu kinachopukutika kwenye kikaango, halafu utasema soseji ya chumvi kidogo haiwezekani. Inawezekana, ila kila kazi ya chumvi itafutie kitu chengine cha kuifanya.

Tuanze na nyama. Usichukue steki tupu ukidhani unamfanyia mgonjwa wema, soseji bila shahamu inakuwa ngumu na chumvi yenyewe kidogo, nani ataila? Mwambie wa bucha akupe kidari au bega, gramu 800, na shahamu gramu 200. Hapa Malindi mimi naomba nundu, ina mafuta yaliyochanganyika na nyama vizuri, na ukiizoea hutaki tena mafuta ya figo. Mbuzi pia sawa. Ukitaka ya kuku chukua mapaja na ngozi yake, kidari cha kuku peke yake ni kikavu. Kama wanakusagia pale pale bucha sawa, lakini angalia mashine ni safi na kima usikizungushe mjini na jua la saa saba, kipeleke moja kwa moja kwenye friji.

Baridi ndiyo siri yenyewe kwa joto letu hili. Kata nyama vipande, tandaza kwenye sinia, weka kwenye friza kama nusu saa mpaka ianze kukakamaa pembeni bila kuganda, na bakuli na vile vyuma vya mashine ya kusagia viweke humo humo. Shahamu ikiyeyuka wakati unasaga inajipaka kwenye nyama badala ya kubaki punje punje, na ukija kupika yote inachuruzika kwenye kikaango. Saga mara moja kwa matundu makubwa, mara ya pili kwa madogo, na kati ya hizo mbili irudi friza.

Wakati nyama iko friza ndipo unafanya viungo. Kaanga vitunguu viwili vikubwa vilivyokatwa vyembamba kwa mafuta kidogo, taratibu, mpaka vipate rangi ya vile vya biriani, hivi ndivyo vinaleta ule utamu mzito mdomoni ambao watu wanadhani ni chumvi. Viache vipoe kabisa, usitie vya moto kwenye nyama. Halafu weka kikaango kikavu jikoni, tia gilgilani vijiko viwili vya chai, bizari nyembamba kimoja, pilipili manga kimoja na nusu, na shamari kimoja, koroga mpaka harufu ifike sebuleni, toa haraka zisiungue, twanga kwenye kinu zisiwe unga kabisa. Shamari usiiruke, Waitaliano wanaitia kwenye soseji zao na kwa mji uliojaa Waitaliano kama Malindi si jambo geni, inatoa kautamu fulani ambako kanafunika ukosefu wa chumvi. Ongeza kungumanga ya kukwaruza kidogo, iliki nusu kijiko, thomu punje sita zilizopondwa, tangawizi kipande cha kidole, pilipili mbichi kwa kadiri ya watu wako, na dania iliyokatwa ndogo ndogo.

Ndimu sasa. Najua mkono unawasha kuikamua, lakini maji ya ndimu au ukwaju usitie ndani ya nyama, ile asidi inaifanya nyama iachie maji na isishikane, na kushikana ndiko tunakopigania. Kwaruza ganda la kijani la ndimu mbili tu, lile jeupe liache ni chungu. Maji yake yangoje mezani.

Kuna vitu vingine vinaingiza sodiamu kwa mlango wa nyuma. Viungo vya paketi vya mchuzi, soya sosi, tomato sosi, boflo la dukani ambalo wengi hutia kushikilia nyama, vyote vina chumvi yake. Magadi na soda ya kuoka pia ni sodiamu, usidanganyike kwa vile hazina ladha ya chumvi. Halafu zile chumvi mbadala za potasiamu, mtu mwenye ugonjwa wa figo au anayemeza baadhi ya dawa za presha zinaweza kumdhuru kweli, moyo ukaharibika mapigo, kwa hivyo usimpe mpaka daktari wake aseme.

Kushikanisha, tumia mbatata moja ya wastani iliyochemshwa bila chumvi, ikapondwa ikapoa, na yai moja. Changanya kila kitu pamoja na ile nusu kijiko ya chumvi, halafu kanda kwa nguvu huku ukitia maji ya barafu kidogo kidogo, jumla kama nusu kikombe cha chai. Kwa kuku mimi badala ya maji natia tui zito lililokaa friji. Kabla ya kukanda tumbukiza mikono kwenye maji ya barafu, ndiyo inauma lakini mikono ya moto inayeyusha shahamu. Kanda dakika tano au zaidi. Mwanzo utaona ni kima tu, punje punje zinaachana, baadaye inaanza kunata, inaacha nyuzi nyeupe kwenye pande za bakuli. Chukua donge, libandike kwenye kiganja, geuza kiganja kiangalie chini. Likianguka endelea kukanda, likining'inia hapo hapo basi imeshika.

Usifunge zote kabla ya kuonja! Kaanga kidonge kimoja, kiache kipoe kidogo, onja, ukiona kuna kitu kimepungua ongeza pilipili manga au thomu kabla ya kukimbilia chumvi.

Utumbo wa kujazia si lazima. Ukipata ule uliohifadhiwa kwenye chumvi uloweke na ubadilishe maji mara kadhaa, ndani na nje, la sivyo chumvi uliyoikimbia inakurudia. Mimi naona jani la mgomba linatosha na linatia harufu nzuri. Babua jani motoni lilegee, kata vipande, weka donge la gramu 70 hivi, viringisha, funga ncha kwa uzi, pika kwa mvuke dakika 15 mpaka 20. Kwa kilo moja utapata soseji 18 hivi, kila moja ikiwa na sodiamu kama miligramu 110, pamoja na ile ya asili iliyomo kwenye nyama yenyewe. Zikipoa fungua, pitisha kwenye kikaango au kwenye jiko la makaa zipate rangi, hiyo rangi ni ladha usiione kazi bure. Ukiwa na kipimo cha joto, katikati ifike digrii 71 kwa ng'ombe na mbuzi, 74 kwa kuku, huna basi kata moja uangalie isiwe na wekundu.

Mezani kamulia ndimu, weka kachumbari isiyo na chumvi na ukwaju uliokorogwa na pilipili na tende. Achari iache kando kwa mgonjwa, ile ni chumvi tupu. Na kama watu wako wamezoea chumvi nyingi usiwashtue siku ya kwanza, anza na gramu 10 kwa kilo, shuka 6, halafu 3, ulimi unazoea baada ya wiki kadhaa na watakuja kukwambia wenyewe zile za zamani zimezidi.

Kuhifadhi sasa, ile kazi ya tatu ya chumvi, hapa hakuna mbadala ila friza. Mbichi kwenye friji zisipite siku mbili, zilizopikwa tatu au nne. Zinazobaki zigandishe zikiwa zimetengana kwenye sinia ndipo uzitie kwenye mfuko, andika tarehe, ziliwe ndani ya miezi miwili. Kuyeyusha ni kwenye friji usiku kucha, si juu ya meza, na stima ikipotea mchana kutwa ukakuta zimelainika na zimepata joto, zitupe.