Taulo yanuka vundo na umeifua jana? Itoe sabuni kwanza

Kuna ile taulo ukiitoa kwenye kamba iko sawa kabisa, wainusa hata haina neno, lakini ukishajifuta nayo tu ikalowa kidogo vundo lafumka, na wewe ndo kwanza umetoka kuoga. Wengi wakiona hivo wanaongeza sabuni, kisha wanamwagia softena ya kunukia, na kwetu sisi wa Mombasa kuna na wale wanaifukiza udi juu yake. Udi ni mtamu kwa nguo safi iliyokauka, sina ugomvi nao, lakini vundo hauliondoi, unaliziba tu mpaka taulo ilowe tena.

Kinachonuka ni bakteria. Mwaka 2012 watafiti wa Japani waliandika kuhusu mmoja anaitwa Moraxella osloensis, huyu anabaki kwenye nyuzi na kutoka kwa mabaki ya jasho na mafuta ya ngozi anatengeneza asidi fulani ndo hiyo harufu unayoisikia. Na ubaya wake ni mvumilivu wa ukavu, jua likimkausha si lazma afe, anatulia anangojea maji. Ndo maana kuanika peke yake hakutoshi.

Sasa kwetu hapa shida yazidi sababu ya maji. Mfereji unakuja kwa zamu, nyumba nyingi zinategemea kisima, na kisima chenyewe sehemu nyingi ni maji ya chumvi tena magumu, sabuni ya kipande ukiisugua mpaka mkono uchoke povu haliji, badala yake unapata ule utando mweupe unaogandia pembeni mwa beseni. Basi na ndani ya taulo utando ni huohuo, umeshika jasho na mafuta humo, bakteria wamejengewa nyumba na kupikiwa. Ukiongeza sabuni waongeza utando. Softena nayo inapaka nyuzi mafuta, taulo inakuwa laini mkononi lakini maji haiyanywi vizuri. Waeza kupima mwenyewe, dondoshea tone la maji kwenye taulo kavu, likikaa juu juu bila kuzama ujue imejaa.

Na chumvi ina lake. Hewa ikiwa na unyevu unaopita asilimia 75 hivi, chumvi yaanza kuvuta maji yenyewe, kiangalie tu kichupa cha chumvi cha jikoni kinavyogandamana. Usiku wa Mombasa hapo unapita mara nyingi sana. Kwa hivo taulo uliyoisuuza maji ya kisima mchana yakauka vizuri, usiku imelowa tena kimyakimya bila mtu kuigusa. Ile ya kwendea pwani kuogelea ndo usiseme.

Haya, dawa yake. Chemsha maji, mimina kwenye beseni au karai, yapate kama lita 10, tia kikombe kimoja cha siki nyeupe, ile ya kawaida ya dukani ya asilimia 5, kisha tumbukiza taulo mbili au tatu, sabuni usitie hata punje. Zikandamize na mwiko wa ugali wa zamani, si mkono, maji ni ya moto. Wacha saa nzima ukizigeuza geuza. Utaona maji yamekuwa na ukungu wa kijivu na juu kuna utelezi, hata kama taulo ulikuwa waiona safi, hiyo ni sabuni ya miezi inatoka. Mwaga, suuza.

Mara ya pili maji ya moto tena, sahii tia nusu kikombe cha baking soda. Kama huna, magadi ya kulainishia maharage pia yafanya kazi ila yayeyushe kando kwanza na uache mchanga utulie chini, umimine maji ya juu peke yake. Nusu saa yatosha. Usije ukatia siki na soda kwa pamoja ati ndo zifanye kazi haraka, zitatoa povu la kufurahisha macho kisha zinauana, unabaki na maji tu. Baada ya hapo fua kawaida na sabuni ya unga kidogo, kidogo kweli, ya unga haigandi na maji magumu vile ya kipande inavyoganda. Usuuze mpaka maji yatoke meupe, na suuzo la mwisho lazma liwe la maji matamu, hata kama ni ya kununua, mtungi mmoja wa lita 20 watosha taulo kadhaa.

Jik, ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, ni ya taulo nyeupe tu, na hapa naomba nisikike: usiichanganye na siki kabisa kabisa, inatoa gesi ya klorini, na bafu zetu nyingine dirisha ni kitundu tu. Wataka kutumia zote, fanya siku tofauti na usuuze vizuri katikati.

Kuanika sasa. Kamua sana, ikung'ute, uianike kwa upana wake isiwe imekunjwa mara mbili juu ya kamba, darini kwenye upepo kama unaruhusiwa, na uitoe kabla ya magharibi, ikilala nje yanywa umande. Ile masika ya Aprili hadi Juni ambayo jua latoka mvua yarudi, funga kamba chumbani chini ya feni. Nyuma ya mlango wa bafu si mahali pa taulo, sijui nani alitufundisha kuweka msumari pale. Wenye mashine ya kufua pangusa ule mpira wa mlango na uache mlango wazi, saa ingine vundo latokea humo humo.

Na kwa joto hili mtu anaoga mara mbili tatu kwa siku, kwa hivo usihesabu wiki, hesabu matumizi, ikifika mara tatu au nne ifue. Kila mtu na yake.

Kuna zile zimeshapata vidoti vyeusi vya ukungu. Harufu yaeza kutoka, vidoti kwa kawaida havitoki. Hizo kata vipande upate matambara ya kudekia, halafu nenda soko la Kongowea, kwa mitumba kuna taulo nzito nzuri, ila hata hizo zipitishe kwenye siki kwanza.