Kukadiria idadi ya sange inayopungua huku ikijazwa na wahamiaji

Hesabu ya wanyama isiyobadilika mwaka hadi mwaka haithibitishi kwamba wanazaana vya kutosha. Tuchukue mfano wa sange wa kiuno cha dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, katika kipande cha msitu kilichozungukwa na mashamba karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, kusini-magharibi mwa Malindi, Kenya, ambako majike 30 huhesabiwa kila mwaka. Tarakimu zote nitakazotumia ni za kubuni.

Hatua ya 1: Tenganisha wenyeji na wageni. Wanyama wanaswe kwa nyavu, na kila mmoja, makinda wakiwemo, atiwe alama sikioni. Jike mzima atakayenaswa mwaka unaofuata bila alama ahesabiwe kuwa mgeni. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa sababu nyavu zikitegwa ovyo huwakosa baadhi ya wenyeji, nao wakinaswa baadaye huandikwa kuwa wageni. Aliyetoweka, awe amekufa au amehama, kwa hesabu ya kipande hiki amepotea.

Hatua ya 2: Tafuta kizidisho, yaani namba ya kuzidisha idadi ya mwaka huu ili kupata ya mwaka ujao bila kuhesabu wageni. Ikiwa majike 18 kati ya 30 wangali hai baada ya mwaka, na majike 6 waliozaliwa humo wamekomaa, kizidisho ni (18 + 6) ÷ 30, yaani 0.8. Usigawe jumla ya mwaka huu kwa jumla ya mwaka jana, maana wageni 6 watakupa 1.0 nawe utadhani mambo ni shwari.

Hatua ya 3: Andika mlinganyo. N(t+1) = 0.8 × N(t) + 6, ambapo N(t) ni idadi ya majike mwaka huu, N(t+1) ni ya mwaka ujao, na 6 ni wageni. Katika Excel, weka 30 kwenye A1, andika =0.8*A1+6 kwenye A2, kisha nakili kwenda chini. Ukianza na 10 au 80, idadi itaelekea 30 vilevile, kwani kikomo chake ni 6 ÷ (1 − 0.8). Sasa iondoe ile 6, kana kwamba wageni wamekoma kuja: utapata 24, 19, 15, 12, 10.

Hatua ya 4: Unganisha na msitu mama, yaani msitu mkubwa wanakotoka wageni. Mwaka 1988 mwanaikolojia H. Ronald Pulliam alionyesha kwamba sehemu kubwa ya wanyama wa spishi moja inaweza kuishi katika makazi yasiyoweza kuwahimili bila wahamiaji. Tuseme msitu mama una majike 400, nao hutoa asilimia 1.5 kila mwaka, yaani wale 6. Ukipungua kwa asilimia 5 kwa mwaka, baada ya miaka 3 utabakiwa na 343, yaani pungufu kwa asilimia 14, ilhali kipande chetu kitakuwa kimeshuka kutoka 30 hadi 28.5 tu, tofauti ambayo hakuna wavu utakaoigundua. Bajeti ikiruhusu kuhesabu mahali pamoja, mimi ningehesabu msitu mama.

Hatua ya 5: Ingiza bahati nasibu. Wageni wa kila mwaka wachaguliwe kwa mgawanyo wa Poisson (kanuni ya kubahatisha idadi ya matukio yanayotokea kila moja kivyake) wenye wastani wa 6, na mfano uendeshwe mara 1,000. Usiulize uwezekano wa kutoweka kabisa, kwa kuwa wageni wakiendelea kufika kipande kilichobaki kitupu hujazwa tena. Uliza ni miaka mingapi katika kila mia idadi huwa chini ya 20.