Kuchanganya hopsi kwa bia kali nyeupe: hesabu za Arusha

Wengi wakianza kupika bia nyumbani humwaga aina tano za hopsi, maua makavu yanayoipa bia uchungu na harufu, kwenye sufuria moja. Harufu zake hufunikana, unabaki na ladha ya majani tu. Tatu zinatosha: moja ya uchungu, mbili za harufu.

Vipimo hivi ni vya lita 20, maji ya kimea yakisoma 1.065 kwenye haidromita (kipimo cha kuelea kinachoonyesha wingi wa sukari) kabla ya hamira. Bia itaishia karibu asilimia 6.5 ya kilevi. Tumia maji ya chupa: visima vingi vya Arusha vina floraidi nyingi, na kuchemsha hakuiondoi.

Uchungu kwanza. Mapishi mengi yanadhani maji yanachemka kwa nyuzi 100. Arusha mjini, mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, yanachemka kwenye 95 hivi, na asidi za alfa zilizo ndani ya hopsi zinageuka kuwa uchungu polepole zaidi, pungufu kama theluthi. Kwa hiyo dakika 60 za Dar ni dakika 90 za Arusha. Moshi mjini 75 zinatosha. Anza na lita 26, maana nyingi zitapotea kwa mvuke. Yakianza kutokota tu, tia gramu 30 za Magnum, hopsi ya uchungu, yenye alfa ya asilimia 13. Kama uliyo nayo ina 10, zidisha 30 kwa 13, gawa kwa 10: gramu 39. Namba ya alfa imeandikwa kwenye pakiti, na hubadilika kila mavuno, usikariri. (Magome ya mti wa msesewe, yanayotia uchungu, yaache kwenye mbege, pombe ya ndizi ya Wachagga.)

Harufu ndiyo yenye kazi. Hopsi ya Centennial ina harufu ya maua na limau. Citra ina embe, pasheni na ndimu, nayo humeza wenzake, hivyo iwe nusu ya Centennial. Southern Passion ya Afrika Kusini inaweza kushika nafasi ya Citra. Columbus na Simcoe ni nzuri ila zikizidi huleta kitunguu. Kabla ya kuamua, sugua vidonge viwili vya hopsi ya kila aina kiganjani hadi viwe unga wenye mafuta, kisha nusa viganja vyote pamoja. Vikinuka jibini au soksi, hopsi imezeeka, itupe. Iliyobaki nzima funga bila hewa, weka friza.

Moto ukishazimwa, usitie hopsi za harufu papo hapo. Subiri maji yashuke hadi nyuzi 80, tia Centennial gramu 40 na Citra 20, koroga, funika dakika 20. Yakiwa moto zaidi mafuta ya harufu yanaruka na mvuke, na uchungu unaongezeka bila hesabu. Kisha poza haraka hadi nyuzi 18 na utie hamira ya bia, pakiti moja ya gramu 11. Usiku wa Juni na Julai zungushia ndoo blanketi.

Siku ya nane hivi, povu likiwa limetulia, ongeza tena Centennial 40 na Citra 20, kavu, ndani ya mfuko wa kitambaa uliochemshwa. Siku tatu tu. Zikikaa wiki, bia inaonja nyasi. Fungua mfuniko mara moja, haraka: hewa ikiingia, bia hugeuka kahawia na harufu yote uliyoilipia inakufa.

Kuna mtego mmoja hapa. Hopsi kavu ina vimeng'enya vinavyovunja sukari ambazo hamira ilishindwa kuzila, na uchachu unaanza upya kimyakimya. Ukijaza chupa siku hiyo, zitapasuka. Pima kwa haidromita siku tatu mfululizo; namba isipobadilika ndipo uweke sukari gramu 120 iliyoyeyushwa kwenye maji ya moto, ujaze chupa, uziache wiki mbili mahali pa giza.