Jinsi ya kuagiza gemu, nguo na sabufa mtandaoni ukiwa Tanga

Juzi nimemsimamia mpwa wangu kuagiza PS4 (mashine ya gemu) ya mtumba, diski, jinzi na sabufa kutoka Kariakoo, Dar. Maswali yamekuwa mengi, basi nayaweka yote hapa.

1. Jua unachonunua

Diski ya PS4 inacheza kwenye PS5, ila ile PS5 isiyo na sehemu ya kuingizia diski haitakufaa. Kwenye PS3 haichezi kabisa.

Sabufa au redio ya mtumba, omba picha ya kibandiko cha nyuma. Umeme wetu ni volti 230. Ukiona 100V, hicho kimetengenezewa Japani. 120V ni cha Marekani. Ukikichomeka hivihivi kinaungua, na transfoma ya kuendeshea sabufa kubwa itakula unafuu wote uliokuwa unaukimbilia. Kikiandikwa 100–240V, chukua.

2. Nguo

M na L za mtandaoni usiziamini. Tandaza suruali inayokukaa vizuri, pima kiuno na urefu, mtumie muuzaji sentimita. Viatu mimi siagizi. Nenda Ngamiani, hapahapa Tanga mjini, ukajaribu.

3. Mpime muuzaji

Picha nzuri kila mtu anazo. Omba video ya sasa hivi: mashine imewashwa, gemu inacheza, pedi inabonyezwa kitufe kimoja kimoja, pembeni kuna karatasi yenye jina lako. Diski aigeuze, amulike mikwaruzo kwa tochi ya simu. Akikujibu "bosi usiwe na hofu" na video haji nayo, achana naye hata kama bei ni ya kutupa.

4. Lipa

Kwa Lipa Namba tu, yaani namba ya duka ya kupokelea malipo ya simu. Jina la duka linatokea kabla hujaweka namba ya siri. Lisipofanana na la muuzaji, ghairi. Katikati ya maelewano ikiingia meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", usijibu. Iripoti 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu.

5. Safirisha kwa basi

Hapa ndipo watu wanapolia, na si kwa sababu ya wezi.

Ukimwambia muuzaji "nitumie Tanga", yeye anasikia mkoa. Anampa kijana wa mkokoteni, kijana anatafuta basi lolote linalopita "njia ya Tanga". Sasa mabasi ya Moshi na Arusha yakifika Segera yananyoosha kwenda Korogwe, hayaingii huku kwetu. La Lushoto nalo ni mkoa huuhuu wa Tanga, lakini linapanda milimani. Sabufa ya jirani yangu ililala Lushoto, na siku nzima ya kufuatilia ilikwisha kwa simu: karani anasema muulize kondakta, kondakta anasema muulize karani.

Kwa hiyo andika hivi, neno kwa neno: "Tanga mjini, stendi ya Kange, basi linaloishia Tanga." Basi likiishia Segera au Muheza, kataa. Utaambiwa "utapokelea njiani tu", lakini nauli ya kufuata mzigo ni yako, si yake.

Kabla gari halijaondoka, akutumie:
- picha ya risiti ya mzigo, herufi zisomeke;
- namba za basi (jina la kampuni halitoshi, gari zao ni nyingi);
- namba ya simu ya ofisi yao ya Kange, siyo ya Dar.

Jina na simu yako viandikwe kwa maka pen kwenye boksi lenyewe, pande mbili. Karatasi ya kubandika inabanduka. Sabufa ifungwe peke yake, isichanganywe na PS4. Ikicheza ndani ya boksi inavunja kila ilichokaa nacho. Jinzi zizungushie mashine, zinafanya kazi kuliko magazeti.

Mzigo wa jioni mimi siutaki. Gari likifika usiku unakuta ofisi imefungwa, na boksi lako limelala usilojua wapi.

6. Pokea

Nenda na kitambulisho. Kabla ya kusaini, tingisha boksi, tazama gundi kama imefunguliwa, kisha lifungue hapohapo mbele ya karani huku mwenzio anarekodi. Ukishasaini na kupakia kwenye bodaboda, madai ya kuvunjika hayasikilizwi na yeyote, si basi wala muuzaji.