Boksi la piza lenye mafuta: lipi nalichukua, lipi silitaki

Kila Jumatatu asubuhi, kabla sijafungua banda langu la kununua maboksi chakavu ya kwenda kiwandani hapa Mwananyamala, Dar es Salaam, nakuta rundo la maboksi ya piza ya wikiendi mlangoni. Mengine bado yana jibini iliyogandia na vipande vya hoho. Swali ni lile lile: "Mama, haya unachukua?" Nachukua nusu.

Lifungue boksi lako ulitazame. Piza hukaa chini, kwa hiyo kifuniko mara nyingi kiko kikavu. Kipasue kwenye mkunjo ukitenge, hicho ni mali. Sehemu ya chini kung'uta makombo, weka tishu juu ya doa, kandamiza kwa kiganja. Tishu ikibaki kavu, leta. Ikilowa mafuta, kata sehemu hiyo, iliyobaki leta. Ukitaka uhakika zaidi linyanyue juani: palipoingia mafuta mwanga unapenya zaidi. Doa la ukubwa wa sarafu ya shilingi 100 halininyimi usingizi.

Kwa nini tunasumbuana na mafuta? Boksi haliyeyushwi kwa moto kama chuma. Kiwandani linaloweshwa kwenye maji mengi na kuvurugwa mpaka liwe uji, nyuzi ziachane, halafu uji huo unachujwa, unakandamizwa na kukaushwa kuwa karatasi mpya. Mafuta yakiwa mengi kwenye uji huo yanang'ang'ania nyuzi, nazo zinashindwa kushikana vizuri. Karatasi inatoka dhaifu na ina madoa.

Ila kwa sisi wa mabandani, mafuta si adui mkubwa. Adui ni chakula chenyewe. Mzigo hapa unaweza kukaa wiki mbili ukisubiri lori. Mwaka juzi nilipokea maboksi ya shughuli moja bila kuyafungua, yamefungwa kamba vizuri, nikaona nimeokota dodo. Ndani mlikuwa na wali na krimu ya keki. Siku lori linakuja, mnunuzi alichana mzigo mmoja, funza wakamwagika miguuni pake. Hakuchagua kibovu na kizima. Alishusha bei ya shehena yote. Tangu siku hiyo nafungua kila boksi, hata kama aliyeleta ananuna.

Maji nayo. Boksi lililoloa ni zito, na wapo wanaolilowesha makusudi ili mzani upande. Tunawajua. Lakini hata lililonyeshewa kwa bahati mbaya huota ukungu na kuoza, kwa hiyo masika lianike kwanza, usilete likiwa bichi.

Maboksi yanayong'aa ndani, kama ya keki na vikombe vya karatasi vya kahawa, yajaribu kwa kuchana ukingo. Ukiona ngozi nyembamba inavutika badala ya kukatika, hiyo ni plastiki. Silichukui hata kama ni safi. La juisi na la maziwa ya dukani lina karatasi, plastiki na mara nyingi alumini vimegandana. Linahitaji mtambo wake.

Trei za mayai ni biashara nyingine. Nyingi zimetengenezwa kwa karatasi chakavu, na zikiwa kavu zinarudi tena kwenye uji. Ile iliyopasukiwa yai weka kando, maana ikivundia hapa nitakulaani mpaka kesho.

Na kile kipande chenye mafuta ulichokikata? Kama hakina plastiki, kichane vipande vya kiganja, toa selotepu na stika, kiloweshe, kichanganye na maganda ya ndizi na mabaki ya mboga. Mimi hupima ndoo mbili za boksi na majani makavu kwa ndoo moja ya maganda. Ikinuka, ongeza boksi. Ikikauka, nyunyiza maji. Mchicha wangu nyuma ya banda unaota kwenye mbolea hiyo. Kilicholowa mafuta chapachapa usikiweke humo, kitaita panya; hicho washia jiko la mkaa.

Mteja wangu mmoja wa Mikocheni sasa ananiletea vifuniko vitupu, vimepangwa kama madaftari. Nilimuuliza sehemu za chini anazipeleka wapi. Akasema mama mkwe wake amezikamata zote, anafanya mbolea ya bamia.