Kuchuma mgagani Mwanza mjini na kuukausha uwe nsansa

Mvua za vuli zikishanyesha mara mbili tatu, zunguka viwanja visivyojengwa vya Isamilo au Mabatini, pale udongo ulipojikusanya katikati ya mawe. Mgagani, mboga ya majani, utaukuta umejiotea. Unapenda palipofugwa ng'ombe zamani au panapomwagwa taka za jikoni.

Jani lake limegawanyika vidole, mara nyingi vitano. Shina lina vinyweleo vinavyonata, na harufu yake haifichiki. Usichanganye na mnanaha, ambao nao hupenda majalala. Ule jani lake halikugawanyika, ni pana lenye meno pembeni, ua kama tarumbeta, tunda la miiba. Ni sumu kali. Ukisita, acha.

Kando ya Mto Mirongo sichumi hata ustawi vipi: uchafu wa mitaa mizima huishia mle. Wala pembeni ya barabara kuu.

Kabla ya kuchuma, piga hodi nyumba ya jirani. Kiwanja kitupu kina mwenyewe, na aghalabu kuna bibi anayekitupia jicho. Msalimie kwa Kisukuma "Mwangaluka, mayu" (umeamkaje, mama), kisha omba. Chuma ncha za juu tu, mmea uchipue tena, na umpunguzie fungu. Unapoaga, "wabeja" (asante). Ukipita kimyakimya utaitwa mwizi wa mboga, na Usukumani jina hilo halikutoki upesi.

Kama kwenu kuna mzazi aliyejifungua karibuni, mpikie ungali mbichi, kwa maziwa. Shangazi yangu hakubali mzazi akae arobaini bila mgagani. Unaobaki ndio wa nsansa, yaani mboga iliyokaushwa.

Chambua, osha, chemsha na chumvi kidogo, mwaga maji uchungu upungue. Kamua, tandaza kwenye ungo. Wengi huanika juu ya bati juani. Mimi huweka kivulini penye upepo, majani yasipauke. Geuza hadi yavunjike mkononi, kisha hifadhi pakavu. Hiyo ndiyo mboga ya kiangazi, na ndiyo wanayotuagiza ndugu walioko Dar.

Siku ya kupika, loweka kwenye maji ya moto, chemsha hadi zilainike, tia karanga zilizosagwa na ukoroge kwa moto mdogo, maana karanga hushika chini upesi. Kula kwa ugali wa udaga, yaani wa muhogo. Nyanya ukipenda weka. Viungo vya pakiti, kwangu hapana.